Masomo Matatu na Sapu Moja

Kwa siku tisa nilibishana na nafsi yangu juu ya mstari mmoja. Nilikuwa naandika wasifu wa kuomba kazi ya msaidizi wa stoo kwa mkandarasi wa mgodi unaopakana na kijiji chetu, na mambo mengine yote yalikuwa yamekaa sawa: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, miaka kumi na moja ya stoo ya vipuri kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga. Chini ya hayo niliweka jedwali la mitihani ya bodi ya ununuzi na ugavi. Ngazi ile ina masomo manne. Matatu nilikuwa nimefaulu. La nne nilipata D, na kwenye mitihani ile D si kufaulu. Ni kurudia, ambako sisi watahiniwa tunakuita sapu. Nilichokuwa sijaamua ni kama mstari huo wa nne niuandike au niuache.

Kazi ilikuwa imetangazwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Nafasi mbili, kwa wazawa, elimu ya kidato cha nne, uelewa wa kazi za stoo, umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitano na miezi mitano. Nafasi za namna hiyo huja mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka haziji kabisa. Nilijua kwamba hii ndiyo ya mwisho kwangu. Nikiikosa, nitabaki mtu wa jembe na vibarua mpaka nguvu ziishe.

Niseme kidogo jinsi nilivyofika kwenye mitihani. Kiwanda cha pamba kilipofungwa nilirudi kijijini nilikozaliwa na sanduku moja la vitabu. Kimoja kilikuwa cha taratibu za stoo, cha Kiingereza, hakina jalada, nilichoachiwa na mtangulizi wangu alipostaafu. Sikuwahi kukisoma nikiwa kazini. Nilianza kukisoma nikiwa sina kazi, na nikagundua kwamba mambo niliyokuwa nikiyafanya kwa mazoea yana majina. Nilikuwa nikitoa kwanza grisi iliyoingia kwanza, kwa sababu tu grisi ya zamani hukauka. Kumbe kuna sura nzima juu ya jambo hilo.

Nilijiwekea utaratibu. Daftari la kurasa mia mbili nililigawa kwa mstari wa rula. Upande wa kushoto niliandika neno la kitabu, wa kulia maana yake kwa mifano ya stoo yangu. Mbele ya kiwango cha kuagiza upya, kwa mfano, niliandika: "Pale mikanda ya mashine inapobaki mitano, na gari la Mwanza halijulikani litakuja lini." Nilisomea kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, ambalo msimu wa pamba ukiisha hukaa tupu. Nilikuwa nikitoka shamba saa nne asubuhi, nakaa juu ya bamba la mzani, nasoma mpaka mabati yapate moto. Sikuwa na mwalimu. Mke wangu aliniuliza mara moja tu nasomea nini, nikamwambia nasomea stoo, akasema, "Stoo si ulikuwa nayo?"

Masomo matatu yalinichukua miaka minne. Nilipata B kwenye utunzaji wa mali, B kwenye misingi ya ununuzi, C kwenye hesabu. Lililonishinda ni mawasiliano ya biashara, maana linapima uandishi wa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusoma. Kukiandika ni kazi nyingine. Nililifanya mara mbili, na mara zote mbili nikapata D. Mara ya pili lilikuwemo swali la kuandika barua ya kuomba kazi pamoja na wasifu. Nilijibu kurasa tatu nikijua vizuri ninachotaka kusema. Nadhani msahihishaji hakukiona.

Kwa hiyo siku ya kumi nilikwenda Katoro kuchapisha wasifu, na mstari wa nne ukiwa umeandikwa. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu wa stoo akianza kwa kuficha upungufu, hafai kukabidhiwa funguo.

Steshenari niliyokuwa nikiitumia ipo nyuma ya soko. Mwenyewe ni mama wa makamo, mwenyeji wa Ujiji aliyeolewa huku, na kwa kuwa amewachapia watu wengi sana barua za kuomba kazi, hana barua anayoichapa bila kuitolea maoni.

"Baba, hii D umeikosea au ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na unataka niichape?"

"Ichape. Na mbele yake andika 'kurudia'."

Aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Mimi hapa nimechapia watu ambao hawajui hata jina la chuo walichosoma. Wananiambia, mama, weka chochote. Wewe unanilipa nikuchapie aibu?"

Kwenye benchi alikaa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akisubiri kopi za leseni yake. Alicheka bila kuinua macho kwenye simu. "Mzee, hiyo D unaipeleka wapi? Hayo ni marudio. Mchanga umeshaoshwa, hamna kitu, wewe unaubeba mgongoni kurudi nao nyumbani."

"Marudio si mnayauza?" mama akamjibu kwa niaba yangu.

"Tunawauzia wajinga," alisema yule, na wote wawili wakacheka sana. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu.

Mama aliichapa. Jedwali lilitoka zuri, safu nne zenye mistari myembamba: somo, muhula, daraja, hali. Nililisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kuchapishwa likinihusu mimi peke yangu, ukiondoa cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, na hicho cha ndoa kinamhusu pia mke wangu. Niliubeba wasifu kwenye bahasha ngumu ili usipinde, na jioni hiyohiyo nikautumbukiza kwenye sanduku la kijiji.

Hapa ni lazima nieleze sanduku hilo. Nafasi ambazo mkandarasi anawatengea wazawa hazigawiwi na mtendaji wala mwenyekiti, maana zamani zilipogawiwa hivyo watu walikaribia kupigana. Siku hizi wasifu zote zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli, sanduku linafunguliwa mbele ya mkutano wa kijiji, na mwenyekiti anasoma kwa sauti mistari ya elimu ya kila mwombaji. Anayekidhi sifa jina lake linaandikwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinakunjwa na kutiwa kwenye beseni. Halafu anaitwa mtu asiye na ndugu kwenye orodha, mara nyingi nesi wa zahanati, anaokota. Jina likiokotwa, basi. Hakuna rufaa.

Na kuna kanuni moja zaidi. Miaka miwili kabla, mwalimu mmoja mwenye stashahada aliingia kwenye beseni akaokotwa, na wiki hiyohiyo akaitwa kazini na mkandarasi kwa njia ya kawaida ya watu wenye taaluma. Alichukua ile kubwa, na ile ya kijiji ikapotea, kwa sababu muda wa kupeleka majina ulikuwa umepita. Watu walikasirika. Mkutano ukaamua kwamba mwenye taaluma asiingie kwenye beseni. Aende kuomba moja kwa moja ofisini kwa mkandarasi. Asile kotekote.

Siku ya kufungua sanduku mwenyekiti alisoma wasifu wangu karibu na mwisho. Alisoma polepole, maana jedwali lilimchanganya. "Utunzaji wa mali, bodi, B. Misingi ya ununuzi, bodi, B. Hesabu, bodi, C. Mawasiliano, bodi, D, kurudia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mstari wa nne. Nilikuwa na maelezo yake tayari kichwani, kwa mpangilio. Hakuna aliyeuliza juu ya mstari wa nne.

"Bodi?" alisema mama mmoja aliyekaa mbele. "Huyo si msomi huyo? Anatafuta nini kwenye beseni?"

Nikasimama. "Ndugu mwenyekiti, sina cheti. Cheti hutolewa mtu akimaliza masomo yote manne. Mimi nimefaulu matatu. Kwa utaratibu wa bodi mimi bado ni mtahiniwa."

Jirani yangu, ambaye mashamba yetu yanapakana na ambaye naye alikuwa ameomba nafasi hiyohiyo, alisimama huku ameshika kofia mkononi. "Bhabha," aliniita, kama tunavyomwita mtu kwa heshima tunapotaka kumpiga, "unataka kutuambia mwenye mimba ya miezi saba bado hana mimba?"

Mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Hata mimi niliona ni jibu zuri.

Mtendaji alifungua kitabu cha mihtasari akatafuta kanuni ile. Aliisoma. Ilisema kwamba hataingizwa kwenye beseni mwombaji yeyote "mwenye mafunzo ya taaluma ya ngazi yoyote, yawe yamekamilika au hayajakamilika". Alipomaliza kusoma aliniangalia, si kwa ubaya. Alikuwa anakumbuka, na mimi nilikuwa nakumbuka. Siku kanuni ilipopitishwa waliniomba mimi niiweke kwenye maneno, kwa kuwa ninaandika vizuri. Rasimu ya mtendaji ilisema tu "mwenye cheti". Ni mimi niliyesema kwamba hayo yana mwanya, kwamba mtu anaweza kukaa na mafunzo nusu akajifanya hana. Nilipendekeza maneno hayo yaongezwe, nikayatamka moja baada ya jingine ili aandike bila kukosea, na nikanyoosha mkono kuyaunga.

"Unataka tuipige kura upya?" mtendaji aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nilitazama watu. Walikuwa waombaji thelathini na kitu, na kila mmoja alijua kwamba mimi nikitoka bahati yake inaongezeka. "Hapana," nilisema. "Kanuni iko sawa."

Jirani yangu aliokotwa. Mwingine aliyeokotwa ni binti aliyemaliza sekondari miaka mitatu nyuma. Nesi alisoma majina, watu wakapiga makofi, nikapiga na mimi.

Nilibakiwa na njia ya wenye taaluma. Nilikwenda ofisi ya mkandarasi kesho yake, nikavuliwa mkanda na kupekuliwa getini, nikapelekwa kwa afisa ajira, binti wa umri wa watoto wangu. Aliniamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Aliusoma wasifu wote, jambo ambalo sikulitarajia. Alipitisha mstari mwembamba wa penseli chini ya masomo matatu, moja baada ya jingine. "Umesomea wapi?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe kabisa?"

"Kwenye ghala la pamba."

Alitabasamu, kisha akanigeuzia kompyuta nione. Kwenye fomu palikuwa na swali la cheti cha taaluma na namba ya usajili, na majibu mawili ya kuchagua, ndiyo na hapana. "Nikiweka ndiyo, inanidai namba. Nikiweka hapana, ombi linafungwa. Hapa katikati hapana kitu, mzee wangu. Kwa kijiji chenu hizi nafasi si hazihitaji cheti? Kwa nini usiombe kwa upande wa kijiji?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo kule umesoma mno, na huku hujasoma." Hakusema kwa dhihaka. Aliniomba nisikate tamaa, nimalize hilo moja, niombe tena. Nikamwambia tarehe yangu ya kuzaliwa iko pale juu. Aliitazama, akahesabu, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Wiki ya pili baada ya hapo jirani yangu alikuja nyumbani na kadi tatu za stoo alizopewa kazini. Alikaa chini ya upenu akazipanga kwenye kigoda. "Bhabha, nisaidie. Wananiambia nioanishe, nami sijui kuoanisha na nini." Nilimfundisha michana mitatu. Mara ya mwisho alileta kuku. Mke wangu alimpokea yule kuku, na yule bwana alipoondoka akaniambia, "Sasa mshahara wako wa stoo ndio huyu kuku."

Nilifanya mtihani wa nne mara ya tatu. Nilijisajili kwa sababu nilikuwa nimeshajizoeza kujisajili. Nilikwenda Mwanza, nikaandika, nikarudi. Nikiwa nasubiri matokeo nilitimiza miaka arobaini na sita.

Mvua zilipokaribia kuisha mkandarasi alitangaza vibarua vya kufyeka majani kando ya uzio, mkataba wa miezi sita. Huko hawaulizi umri. Wanaangalia kama unasimama. Lakini nafasi zinapitia kwenye beseni kama nyingine, na wasifu unatakiwa, hata kwa kufyeka. Shamba halikuwa limetupa kitu mwaka ule. Nilimwambia mke wangu kwamba jedwali langu halitaniruhusu.

"Litoe," alisema.

"Nikilitoa nitakuwa nimedanganya."

"Wamekuuliza umesoma nini, au wamekuuliza una mikono?" Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha. "Masomo matatu hayajawahi kuingia humu ndani nikayaona. Litoe, baba."

Nikarudi Katoro. Yule mama bado alikuwa na faili langu kwenye kompyuta. Alilifungua akafurahi. "Umekuja kuifuta D! Nilikwambia."

"Futa jedwali lote."

"Lote? Na hizi B?"

"Na hizo."

Alinitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. Safari hii hakuwa na maoni. Alilivuta jedwali kwa kipanya likawa la bluu, akabonyeza, na mistari iliyobaki ikapanda juu kujaza nafasi. Wasifu wangu ukaingia kwenye ukurasa mmoja.

Mkutanoni mwenyekiti alisoma kilichoandikwa tu, na hakuna aliyenyoosha mkono kukumbusha masomo yangu, maana kazi ya kufyeka haina anayeionea wivu. Niliokotwa. Getini nilipewa fomu ya kujaza kwa mkono wangu. Swali la saba liliuliza kama nina mafunzo yoyote ya taaluma, ya bodi au ya chuo. Chini yake paliandikwa kwamba atakayegundulika ametoa taarifa zisizo za kweli mkataba wake utasitishwa. Niliandika "Hapana", nikaweka saini. Mwandiko wangu ni mzuri, na neno lile lilisomeka vizuri.

Kazi ya kufyeka haina cha kueleza. Mnapangwa kumi kwa safu, kila mtu na mstari wake kando ya waya, na mnakwenda kwa pamoja ili asiachwe mtu na nyoka. Mwezi wa nne wa mkataba, asubuhi moja baada ya chai, mwenzangu wa mstari wa kulia aliwasha simu yake akasema kwamba mtoto wa dada yake amefaulu mitihani ya bodi ya wahasibu, matokeo yametoka. Nikafikiri huenda na ya kwetu yametoka. Nilikaa juu ya jiwe, nikaingiza namba yangu ya mtahiniwa, ambayo sikuhitaji kuitafuta mahali. Ukurasa ulichelewa kufunguka. Mawasiliano ya biashara: C. Hali: amefaulu. Chini yake: amekamilisha ngazi.

Nililitazama hilo neno la mwisho kwa muda. Halafu nikafanya kile ninachokiweza, nikalipanga. Nafasi ya stoo kwa upande wa kijiji: umri umepita, na kanuni inanizuia. Nafasi kwa upande wa taaluma: sasa nina cheti, lakini kikomo cha umri ni kilekile. Kumwambia afisa ajira kwamba nimekamilisha: yule binti angefurahi kweli, angefungua faili langu, na angekuta humo fomu yenye "Hapana" ya mwandiko wangu, na saini yangu chini yake. Miezi miwili ya mkataba iliyobaki ingeondoka. Kuanza kuomba mikoa mingine nikiwa na miaka arobaini na sita na cheti cha ngazi ya chini: niliwaza hilo pia, nikawaza nauli, nikawaza vijana wenye shahada wanaofyeka nasi pale kando ya uzio. Walikuwa wawili, na wote walikuwa wameandika "Hapana".

Mwenzangu aliniuliza kama kuna habari mbaya.

"Hakuna habari," nilisema.

"Mzee, simama basi," msimamizi aliita kutoka mbele. "Unatuachia kichaka hapo katikati, wenzako wanakuzunguka kama kichuguu."

Nilizima simu nikaitia kwenye mfuko wa ndani, nikainuka. Safu ilikuwa imenitangulia hatua kama ishirini. Niliinama nikaanza kufyeka kwa haraka, ili niifikie.